Watoto wa shule wasitumwe kuchoma taka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa nia njema kabisa.

Mwaka 2007 nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Ukitoka darasani tu, Oldoinyo Lengai huo mbele yako. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Julai ile ardhi ilianza kutetemeka, leo kidogo, kesho zaidi, na mtetemeko mmoja ulifika hadi Nairobi, watu wakatoka mbio maghorofani. Septemba mlima ukalipuka. Tulishazoea ule uji wake mweusi wa mawe yaliyoyeyuka huko kileleni, unaogeuka mweupe baada ya muda. Sisi wa chini haukutusumbua. Safari hii ulirusha majivu. Yalituwama kwenye bati, kwenye ndoo, kwenye nyasi, na wafugaji wakaswaga mifugo yao kutafuta malisho mbali.

Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni mawe yaliyosagika. Ukiyapikicha vidoleni yanakwaruza kama msasa. Nikawaagiza wanafunzi wajifunge shuka puani, wafunike maji ya kunywa, na mapumziko wabaki darasani. Wazazi walinishukuru.

Sasa mwalimu huyohuyo, kila Ijumaa baada ya vipindi, alikuwa anamkabidhi kiberiti mwanafunzi wa darasa la sita akawashe shimo la taka nyuma ya vyoo. Majani ya mwarobaini, karatasi, kalamu zilizokwisha, vifuko vya ubuyu, chupa za maji, kandambili zilizokatika: vyote humo. Watoto waliigombea kazi hiyo. Walisimama ukingoni wakisukuma taka kwa fimbo, machozi yanawatoka, wanacheka. Mkaguzi akija anakuta uwanja unang'aa, ananisifu. Moshi wa mlima niliwakinga nao, wa shimoni nikawapeleka mwenyewe.

Nimestaafu, naishi Arusha, jirani na shule ambayo sitaitaja kwa sababu haina kosa lisilofanywa na nyingine. Ijumaa saa nane moshi unaanza. Juni na Julai ndiyo balaa: baridi na mawingu, hewa ya chini imepoa kuliko ya juu yake, basi moshi haupandi. Unatambaa kwenye migomba mpaka dirishani kwangu. Mjukuu wangu ana pumu, na Ijumaa tumeshajua, dawa yake ya kuvuta inakaa mezani, si kabatini.

Moto wa shimo ni wa kufukiza, haufikii joto la kuteketeza plastiki sawasawa. Vipande vya bomba na maganda ya nyaya za umeme vikiungua namna hiyo hutoa dioksini, sumu ambayo ikiingia mwilini hukaa miaka. Na haiingii kwa pua tu. Kuku wangu wa kienyeji walikuwa wanaparua majivu ya shimo hilo kila siku, na mayai yao nikiyauza mtaani kwa maringo kwamba ni ya asili, hayana kemikali! Nimewafungia banda. Wateja wangu wa zamani, nisameheni.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, nilidhani tumemaliza. Lakini pampasi zipo, chupa zipo, maganda ya biskuti yapo, na mwisho wake ni kiberiti kilekile.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza: "Shikamoo mwalimu, lakini gari la taka linaishia barabara kubwa. Na ada yake nitaitoa fungu gani?" Sikuwa na jibu, na ndiyo maana naandika kwako, Mhariri. Halmashauri zetu zipange gari lifike mpaka getini pa shule, na shule za serikali zisitozwe. Hapo wizara ikitoa waraka wa kuzuia moto, utatekelezeka. Bila gari, waraka utabandikwa ukutani na shimo litaendelea kuwaka.

Mengine tunaweza wenyewe. Tulipomwaga taka za wiki moja chini na kuzichambua, nusu na zaidi ilikuwa majani na karatasi. Majani tumeyafukia kwenye migomba ya shule yawe mboji. Chupa wanazichukua vijana wa mikokoteni, wananunua kwa kilo. Kilichobaki kilijaa viroba viwili tu, na hivyo viwili ndivyo vinavyosubiri gari.

Ijumaa ijayo narudi tena na reki yangu. Kiberiti nimemwomba mwalimu mkuu akifungie ofisini, na amekubali.

Mwalimu mstaafu,
Arusha