Wazee waende milimani, lakini wafundishwe kuteremka

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linalotuhusu sisi tuliostaafu, hasa wanaokodi gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani, wakaenda kuzunguka nchi za milima, mke na mume. Mimi na mume wangu tumeifanya safari hiyo, na Mungu akitujalia uzima tutaifanya tena. Ninachoomba ni kimoja: anayekodisha gari la namna hiyo asimkabidhi mtu ufunguo kabla hajampeleka kwenye mteremko akaona anavyoteremka.

Sisi tulipokabidhiwa la kwetu, kijana aliyetupokea, mwenye adabu zake, alituonyesha jinsi ya kukunjua kitanda, kuwasha jiko na kumwaga maji machafu. Tulikaa naye muda mrefu. Kuhusu breki alisema ziko sawa. Kuhusu uzito hakusema neno. Nilikuwa salama kwa sababu mume wangu aliendesha malori mpaka anastaafu. Akaenda mwenyewe kusoma kibamba kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kilo 3,500, akaanza kupiga hesabu: maji lita 100 ni kilo 100, mitungi ya gesi, meza, mabegi, na sisi wenyewe. Tukamwaga nusu ya maji kabla ya kuondoka. Ni wazee wangapi wanaosafiri na dereva wa malori?

Watu wanaogopa kupanda. Kupanda kukikushinda, injini italia, joto litapanda, utasimama pembeni upoe. Kuteremka ndiko kunakoua. Gari la kilo 3,500 likishuka mita 1,000 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozaliwa magurudumuni linatosha kuchemsha takribani lita 100 za maji baridi. Pedi za breki, zile zinazobana gurudumu lisimame, zikizidi joto hazishiki tena. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale ya daraja liitwalo DOT 4 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari halina habari.

Katikati ya mteremko mmoja mrefu tuliwakuta wazee wenzetu wameegesha pembeni. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele, na ile harufu kali ya pedi zilizoungua ilitufikia kabla hatujafungua mlango. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono inamtetemeka. Bwana wake alikuwa na ndoo ya maji mkononi, anataka kuyamwagia magurudumu. Mume wangu alipiga kelele kutoka mbali: asimwage! Disiki ya breki iliyopata moto kiasi kile ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Wakaiacha ipoe yenyewe kwa upepo, tukakaa nao muda wote huo. Gari lao lilikuwa la gia za kujibadilisha, na tangu kileleni mkono wa gia ulikuwa kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, mguu kwenye breki. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba hata gari la namna hiyo lina sehemu ya kulishikilia kwenye gia nzito, yaani za chini kama ya kwanza au ya pili. Bwana yule ni mtu makini, ameendesha gari dogo maisha yake yote bila ajali. Simlaumu hata chembe. Namlaumu aliyempa gari zito kama lile bila kumwambia kwamba ni zito.

Madereva wa malori wana kanuni yao ya zamani: teremka kwa gia ambayo ungepandia. Unaiingiza ukiwa bado kileleni, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishaanza kukimbia ni shida kuirudisha. Injini ndiyo inayoshikilia gari. Breki unazikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, unapunguza mwendo, unaachia zipate hewa. Huburuzi mguu juu ya pedali kilometa nzima. Na wala huweki gari fri kwa kubana mafuta. Mimi mwenyewe nilijifunza haya nikiwa nimeshakuwa bibi, kwa mume wangu, kwenye mteremko mfupi usio na magari, na sasa miteremko mingi naendesha mimi kwa sababu goti lake linamsumbua. Kwa hiyo anayesema wazee hawafundishiki anajisemea tu.

Najua kuna wanaotaka watu wa umri wetu wakatazwe kabisa. Siafiki. Nimekuwa muuguzi na nimeona wastaafu wengi waliodhoofika kwa kukaa kitini kuliko walioumia njiani. Ila mzee naye ana yake ya kujua. Kuanzia mita 2,500 hivi kwenda juu, mtu anaweza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na kukosa usingizi, na dawa ya uhakika hali ikizidi ni kushuka. Vukeni mlima mchana, lalani chini. Mwenye kutumia insulini aiweke mahali isipoganda usiku, maana ikishaganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Na tafadhali msilale jiko linawaka ili mpate joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inawachukua watu wakiwa usingizini. Kifaa cha kuigundua kiwepo ndani ya gari na kijaribiwe kabla ya safari.

Gesi pia ina mambo yake. Tulikutana na watu waliodhani wameuziwa mtungi mtupu kumbe umejaa butani. Butani ikifika kwenye nyuzi sifuri za baridi haigeuki tena kuwa hewa, jiko halishiki. Propani inavumilia baridi hiyo bila taabu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo aliyeondoka bondeni akiwa na shati jepesi anaweza kukuta barafu juu.

Kuna nchi ambazo zimejipanga. Kwenye barabara ya Going-to-the-Sun huko Montana, Marekani, gari lenye urefu unaozidi mita 6.4 haliruhusiwi kuvuka sehemu ya juu, na bampa zinahesabiwa humo. Upande mmoja wa barabara ya mlima ya Stelvio, Italia, una kona kali 48 kabla ya kufika juu kwenye mita 2,757. Mtu anaweza kuijua hesabu hiyo akiwa bado nyumbani na kuamua kama gari lake linafaa. Miteremko mingine imechimbiwa njia za pembeni zilizojazwa changarawe nene, ambako gari lililoishiwa breki linaingia na kuzama mpaka likasimama. Mjue alama zake mapema, maana wakati wa kuzitafuta hautakuwapo.

Na mnapokuwa na foleni nyuma yenu, tanueni pembeni muwapishe. Anayewahi kazini hana kosa, na dereva anayesukumwa kwa honi huishia kukimbia kuliko alivyopanga.

Narudi kwa wenye magari. Jaribio ninalolidai halihitaji hata saa moja: mteja apande kilima, aingize gia akiwa juu, ashuke bila kung'ang'ania breki, na asiyeweza afundishwe palepale. Tarehe ya mwisho ya kubadilisha mafuta ya breki na uzito wa gari likiwa limejaa maji viandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano. Ile tuliyotia saini sisi ilikuwa na idadi ya sahani, vikombe na vijiko, na nafasi kubwa tupu chini yake.

Wako,
Muuguzi mstaafu