Mwanangu, kabla hujajaza P3

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku Mombasa hatujambo, twamshukuru Mungu. Nimefurahi kusikia kwamba siku hizi ni wewe unayejaza fomu za P3 hapo hospitalini, zile za polisi ambamo tabibu huandika alivyoumizwa mtu. Nilipokuwa mkalimani mahakamani fomu hizo zilipita mbele yangu kila wiki, kwa hiyo niruhusu nikupe ninayoyajua.

Fomu itakuuliza kiwango cha madhara: harm, grievous harm au maim. Barabarani watu huyachanganya, wakatia na hurt, injury na wound. Penal Code, sheria yetu ya jinai ya Kenya, haiyachanganyi. Harm ni maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, iwe ya muda au ya kudumu; hata jicho lililovilia damu limo. Maim ni kuharibiwa au kulemazwa kwa kudumu kwa kiungo au hisi, kama sikio lisilosikia tena. Grievous harm ni pana kuliko maim, kwani hubeba pia madhara ya kuhatarisha maisha na kovu la kudumu linaloumbua mtu.

Linalosumbua zaidi ni wound. Hilo lataka utando wa nje wa mwili uwe umekatwa au kutobolewa. Mama aliyepigwa rungu tumboni hadi bandama ikapasuka, ngozi ikabaki nzima, hana wound. Lakini ana grievous harm, tena huenda akafa usiku huo huo. Aliyechanjwa na wembe mkononi ana wound, hata kama kesho anarudi kazini. Nimewahi kusoma fomu iliyoandikwa "no wound" na kuishia hapo. Aliyeijaza hakudanganya, ila mgonjwa alionekana kana kwamba hakuumia, na hilo bado linaniuma.

Tazama uzito wake: kwa kifungu cha 234, grievous harm yaweza kumpeleka mtu jela maisha. Kwa kifungu cha 251, actual bodily harm, yaani kumshambulia mtu na kumdhuru mwili, mwisho wake ni miaka 5. Ukilipunguza neno unamdhulumu aliyepigwa. Ukilikuza unamdhulumu mshtakiwa.

Neno damage, yaani uharibifu, waachie wenye milango na mashua zilizovunjwa. Najua nyinyi matabibu huitumia kwa neva na figo; iandike kwenye maelezo, si kwenye kiwango.

Andika kwanza ulichokiona na kukipima, kwa sentimita, ndipo uchague neno. Baba yako atakutumia nakala yangu ya Penal Code kwa basi la Ijumaa. Kifungu cha 4, chenye fafanuzi zote hizi, nimekipigia mstari.

Wako akupendaye,
Mama