Wentz na Foles hawakufanya kazi moja

Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo, katika makala yake ya kuwalinganisha makwotabeki wawili (wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa Philadelphia Eagles, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani katika ligi ya NFL, wa msimu wa 2017, ametoa hukumu kwamba Nick Foles, aliyekuwa mchezaji wa akiba, alikuwa bora kuliko namba moja wake Carson Wentz, kwa kuwa Foles ndiye aliyeleta kombe. Mimi ni mkazi wa Philadelphia na hoja hiyo nimeisikia hapa mjini kwa miaka kadhaa, mara nyingi kwa sauti ya juu kuliko ya mwandishi wenu. Naomba nafasi ya kuipinga, ingawa simpunguzii Foles heshima hata chembe.

Hesabu yenyewe ya msimu ule haimpi Foles ushindi mwepesi namna hiyo. Eagles walishinda mechi 13 na kupoteza 3 kabla ya mchujo, yaani hatua ya mtoano, na kati ya ushindi huo, 11 ulitokana na mechi alizoanza Wentz, ambaye alirusha pasi 33 za tachidauni (zilizofika eneo la goli na kuleta pointi) huku wapinzani wakizinasa pasi zake mara 7 tu. Desemba 10, 2017, ugenini kwa Los Angeles Rams, kano ya goti lake la kushoto ilichanika alipojitupa kuelekea mstari wa goli. Hakutoka mara moja: alibaki uwanjani akamrushia Alshon Jeffery pasi ya tachidauni kwanza, ndipo akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Foles alimalizia mechi ile kwa ushindi wa 43–35, kisha akashinda nyingine mbili zilizowahakikishia Eagles nafasi ya kwanza katika NFC, moja ya kanda mbili za ligi, yaani wiki ya mapumziko na mechi za mchujo za nyumbani. Nyumba aliyoipaua Foles ilikwisha kujengwa kuta na mwenzake.

Lakini hoja yangu kubwa si hiyo, kwani tukibaki kwenye idadi ya ushindi tutabishana mpaka kesho. Ninachosema ni kwamba kazi ya kwotabeki wa akiba ni kazi nyingine kabisa, na mtu hawezi kuipima kwa kipimo cha namba moja. Katika wiki ya kawaida ya ligi, namba moja ndiye anayefanya karibu mazoezi yote na kikosi cha kwanza. Wa akiba hutumia muda mwingi akiigiza mashambulizi ya mpinzani ili walinzi wa timu yake wapate cha kujifunzia, maana yake ni kwamba anarusha mipira ya mfumo usio wake, kwa wapokeaji ambao huenda asicheze nao. Mashabiki wetu wa soka wanamjua golikipa namba mbili anayesugua benchi miezi mitano kisha akaitwa dakika ya 60. Tofauti ni kwamba golikipa halazimiki kukariri mipango mingi ya mashambulizi iliyoandaliwa kwa ajili ya mechi hiyo moja, wala kuamua ndani ya sekunde tatu mpira uende kwa nani.

Ndiyo maana Foles alionekana wa kawaida sana mwezi ule wa Desemba. Dhidi ya Oakland Raiders siku ya Krismasi alisuasua, na mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Dallas Cowboys, ambayo alicheza sehemu tu, iliisha kwa kipigo cha 6–0. Hapa mjini watu walikwisha kukata tamaa. Kilichobadilika baada ya hapo hakikuwa kipaji cha Foles, kwani kipaji hicho kilijulikana tangu 2013, aliporusha tachidauni 27 na pasi zake kunaswa mara 2 pekee. Kilichobadilika ni kwamba alipata muda wa kufanya mazoezi kama namba moja, na makocha wakampunguzia yale aliyoyapenda Wentz na kumwongezea mipango ambayo kwotabeki humtazama mlinzi mmoja baada ya mpira kuanza, halafu akaamua ama aukabidhi kwa mkimbiaji au aurushe haraka.

Makocha hao ndio mwandishi wenu aliowasahau. Doug Pederson, kocha mkuu, aliwahi kuwa akiba wa kwotabeki Brett Favre miaka kadhaa huko Green Bay. Frank Reich, mratibu wa mashambulizi, alikuwa akiba wa Jim Kelly katika Buffalo Bills, na Januari 3, 1993, Kelly akiwa majeruhi, aliiongoza timu yake kutoka nyuma kwa 35–3 hadi kushinda 41–38 dhidi ya Houston Oilers. Sidhani kama kulikuwa na benchi jingine la ufundi katika ligi lililoijua hali ya mtu wa akiba kiasi hicho. Januari 21, 2018, Foles alikamilisha pasi 26 kati ya 33 dhidi ya Minnesota Vikings, waliokuwa na ulinzi mgumu kuliko wote msimu ule, na Eagles wakashinda 38–7. (Kwotabeki wa Vikings siku hiyo, Case Keenum, ndiye aliyemnyang'anya Foles namba huko St. Louis mwaka 2015. Kazi hii ina vituko.) Wiki mbili baadaye New England Patriots walilala kwa 41–33, Foles akatajwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi, na mji ukapata ubingwa wake wa kwanza wa ligi tangu 1960.

Mwandishi wenu anasema klabu ilikosea mwaka 2019 ilipompa Wentz mkataba mpya na kumwacha Foles aende Jacksonville. Kwa yaliyojulikana wakati ule, mimi ningefanya vivyo hivyo. Foles alivunjika mtulinga katika mechi yake ya kwanza huko, kwa hiyo Jacksonville haikuthibitisha lolote kwa upande wowote. Kwamba Wentz aliporomoka mwaka 2020, pasi zake zikanaswa mara 15 katika mechi 12, ni kweli chungu, lakini anguko la 2020 haliwezi kurudi nyuma likafuta aliyoyafanya 2017.

Kama mnataka mlinganisho wa haki, mwekeni Wentz kando ya Jalen Hurts, kwotabeki aliyemrithi. Huyo naye alichaguliwa na Eagles mwaka 2020 kuwa akiba, wengi wakamcheka aliyemchagua, na Desemba ya mwaka huohuo akachukua nafasi. Tangu hapo amebeba mzigo uleule aliokuwa nao Wentz, msimu baada ya msimu, akapoteza Super Bowl moja kwa 38–35 mwaka 2023 na kushinda nyingine kwa 40–22 Februari 9, 2025, dhidi ya Kansas City Chiefs mara zote mbili. Hao wawili walifanya kazi moja, na hapo naungana na wanaosema kwamba wa akiba alimpita namba moja wake.

Wenu msomaji,
Philadelphia, Marekani