YAH: Malalamiko kuhusu meno ya bandia ya mama yangu

Tanga,
19 Agosti 2024

Ndugu Meneja,

Naandika kwa niaba ya mama yangu, ambaye mwezi Aprili mlimtengenezea seti kamili ya meno ya juu, ya kuvaa na kuvua. Tulilipa fedha yote siku ile ile na risiti ninayo.

Mama anafundisha watoto madrasa, mwaka wa 26 sasa. Kwake meno si ya kutafunia tu. Herufi za Kiarabu thaa na dhaal hutamkwa ulimi ukigusa ncha za meno ya mbele ya juu, na faa huyataka meno hayo hayo yakutane na mdomo wa chini. Tulilieleza hilo siku ya kwanza, fundi wenu akasema ameelewa. Leo mama akifungua kinywa kusoma, seti inashuka. Wiki iliyopita ilimdondokea juu ya juzuu, mbele ya wanafunzi. Akawaruhusu watoto, akarudi nyumbani, na tangu hapo hajaenda tena. Hilo linaniuma kuliko fedha.

Kipimo mlikichukua wiki tatu baada ya meno ya mwisho kung'olewa. Mnajua, maana ndiyo kazi yenu, kwamba jino likishang'olewa fizi na mfupa wa taya huendelea kupungua kwa miezi. Seti ya juu hushikwa na utando mwembamba wa mate kati yake na kaakaa. Pakipatikana upenyo hewa inaingia, seti inaachia. Kutengeneza mapema si kosa, nani atakaa miezi bila meno? Kosa ni kutomwambia kwamba itabidi arudi, seti ijazwe upya upande wa fizi. Aliporudi Juni mlimuuzia gundi. Julai, gundi tena. Hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue kinywa amtazame.

Tena aliambiwa alale nayo ili aizoee. Daktari niliyempeleka amekuta kaakaa jekundu lote, fangasi imeshaingia. Kwa maelezo yake, usiku seti huvuliwa, ikasuguliwa kwa brashi na kulazwa kwenye maji ya baridi. Mama alikuwa akiiosha kwa maji ya moto, akidhani ndiyo usafi, kumbe yanaweza kuipinda. Hakupewa karatasi yoyote ya maelekezo.

Naomba mchukue kipimo upya na kuirekebisha seti bila malipo, fangasi ikishapona kama daktari alivyosisitiza. Mkishindwa, rudisheni fedha yote. Gharama ya gundi na ya dawa mzirudishe kwa vyovyote. Na wateja wengine wapewe maelekezo ya Kiswahili kwa maandishi makubwa; wengi wao ni wazee kama mama.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala za risiti na cheti cha daktari nimeziambatisha.

Wenu,
Binti wa mteja wenu