Barua ya mwaka mpya: albamu za 2020

Dar es Salaam, 3 Januari 2021

Shoga yangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako na nimefurahi kusikia u mzima na kazi za huko Muscat zinaendelea. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi linatunyanyasa. Mama anakusalimu sana, na kila nikikutaja anauliza utakuja lini.

Umeniuliza ni albamu gani za mwaka jana zimenikaa moyoni na zipi zimeniangusha, maana wewe, kwa maneno yako, umeshinda na Made in Lagos ya Wizkid tangu itoke Oktoba. Sina ugomvi na hilo. Ni albamu tulivu, haina papara, na ule wimbo alioimba na binti anayeitwa Tems nimeurudia mara nyingi mno. Lakini nisianze na ya Lagos wakati nina ya nyumbani ya kukupa.

Shoga, hata ukiacha nyingine zote, hii usiiache: Siti of Unguja, ya Siti Muharam. Ilitoka Juni kwa kampuni ya London inayoitwa On the Corner. Huyu dada ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Niliposikia kwanza kwamba maprodyuza wa Ulaya wameingia kwenye nyimbo za Siti, niliogopa. Tumeshaziona kazi za namna hiyo: taarabu inapigiwa mdundo wa klabu, mwimbaji anabaki pambo, na maneno hayajaliwi na mtu. Hapa maneno ndiyo yenye nyumba. Mohamed Issa Matona ndiye aliyesimamia muziki, na unausikia mkono wa mtu anayejua udi uingie wapi na fidla inyamaze lini. Vya kisasa vipo, besi nzito inapita chini, lakini inampisha mwimbaji.

Sikiliza "Kijiti". Kisa chake unakijua, bibi zetu walikuwa wakikisimulia: mgeni kutoka Bara, mwanamke mwenye mimba, anachukuliwa na mtu aitwaye Kijiti kwenda kucheza mchezo wa foliti, anapelekwa maguguni, anarudishwa maiti. Kijiti anavuka bahari anakimbilia Bara. Kesi inafika mahakamani, na wanaotiwa ndani ni mashahidi, kwa kuwa wao ndio walionunua ulevi. Siti binti Saad aliimba jambo hilo enzi za mkoloni, jaji akiwa hai, watu wa mjini wakiwajua wote waliotajwa. Sasa msikilize kitukuu. Sauti ya wimbo ni ileile beti baada ya beti, hairuki wala haipandi pale penye mauti, na kwa sababu hiyo uzito wote unabaki kwenye maneno. Ukifika kwa mashahidi unakasirika upya, karibu miaka mia baadaye. Mimi nilikasirika, nikazima redio iliyokuwa ikipiga jikoni ili nisikie vizuri, nikaanza tena mwanzo. Halafu "Machozi ya Huba" nenda nayo usiku, kwa headphone, usiipige kwenye simu tupu. Besi yake haisikiki kwenye spika ndogo.

Huyo ndiye wangu wa kwanza, na hakuna wa pili aliye karibu.

Anayefuata utashangaa, maana si albamu kamili. Ni EP ya Zuchu, I Am Zuchu, ile ya Aprili yenye nyimbo saba. Najua wewe ulisema mapema kwamba ni kelele za Wasafi tu, ile kampuni ya muziki ya Diamond. Naomba uirudie kwa ajili ya wimbo mmoja, "Mauzauza", alioimba na mama yake, Bi Khadija Kopa. Wengine wangemweka mama pale kwa heshima, aseme maneno mawili atoke. Hapa Bi Khadija anaingia na ile sauti yake ya vikundi vya Culture na TOT, sauti iliyozoea ukumbi uliojaa kanga na noti zinazotunzwa, na binti hamkimbii. Anamjibu. Anaweka maneno yake kwa ufundi uleule wa kusema jambo bila kulitaja. Ukitoka hapo ukasikiliza "Wana" au "Nisamehe" unatambua kwamba bongofleva yake imelala juu ya godoro la taarabu, hata pale kinanda kinapokuwa cha kompyuta. "Hakuna Kulala" nayo naipenda, ya kuchezea tu. Kilio changu kwake ni kimoja: saba hazitoshi. Namtaka albamu nzima, na aimbe polepole zaidi.

Sasa yaliyoniangusha. Naandika kwa uchungu, kwa sababu ni watu ninaowapenda.

Afro East ya Harmonize niliisubiri kuliko zote. Alikuwa ametoka tu Wasafi, kaanzisha Konde Gang yake, na uzinduzi pale Mlimani City mwezi Machi ulifanyika siku chache kabla ya korona kutangazwa nchini, kwa hiyo ndiyo ilikuwa sherehe kubwa ya mwisho tuliyoiona kwa muda. Nyimbo 18. Burna Boy yumo, Morgan Heritage wamo, Lady Jaydee yumo, na Wanaijeria wengine kadhaa. Nimeisikiliza yote, zaidi ya mara moja, kwa nia njema kabisa, na bado nauliza: Harmonize mwenyewe yuko wapi? Ni harusi ambayo wageni wamejaa jukwaani na bwana harusi anatafutwa. Kijana wa Mtwara, anayejiita Konde kwa jina la watu wake Wamakonde, wenye ngoma ambazo nchi nzima inazijua, anatengeneza albamu ambayo robo tatu yake ingeweza kutoka Lagos. Sauti anayo, hakuna anayebisha. Akiimba mwenyewe kwa Kiswahili chake, akilalamika kwa ile sauti ya puani kidogo, hana mpinzani. Ndiyo maana nimeumia. Ukiniruhusu kukata, ningebakiza nyimbo saba au nane, kolabo mbili tu, na ya Jaydee ingebaki kwa vyovyote vile.

Midnight Train ya Sauti Sol, bendi ya Kenya, haijaniangusha yote, imeniangusha nusu. Unajua jinsi ninavyowapenda hawa vijana tangu albamu yao ya kwanza, Mwanzo. Hii ndiyo albamu yao ya kwanza chini ya kampuni ya Universal, ikatoka Juni, na imerekodiwa kwa usafi ambao hapa kwetu ni nadra. Tatizo langu ni kwamba pale wanapoimba Kiingereza cha mapenzi, sioni tofauti yao na bendi yoyote nzuri ya mahali popote. "Feel My Love" ni nzuri. "Insecure" ni nzuri. Zikiisha, zimeisha. Halafu inakuja "Suzanna", na lile gitaa la zamani, na mtu mzima kama Mama anatoka chumbani kuuliza ni nani hao. "Nenda Lote" vilevile. Na "Rhumba Japani", ambamo wamewaita wadogo zao kina Bensoul na Nviiri, ina raha ya watu walioketi pamoja kweli, kila mmoja akisubiri zamu yake. Wageni wa huko ni wa nyumbani, na unasikia tofauti. Laiti wangetupa albamu nzima ya namna hiyo.

Burna Boy na Twice as Tall yake sitakaa nayo sana. Hao hao Sauti Sol wamo kwenye "Time Flies", na ni mahali ambapo nilitulia. Kwingine ananihubiria mno. African Giant ya 2019 ilisema mambo mazito bila kunishika kola, na mimi bado narudi kwenye hiyo.

Mbili za mwisho, haraka. Rejoice, ya Tony Allen, mpiga dramu wa Nigeria, na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Walirekodi London mwaka 2010, kazi ikabaki bila kumalizwa, Masekela akafariki 2018, ikamaliziwa 2019, ikatoka Machi mwaka jana, na Aprili 30 Tony Allen naye akatutoka. Tarumbeta na dramu, hakuna anayemfukuza mwenzake. Isikilize ukiwa unapika, utaelewa. Nyingine ni Peel ya KMRU, kijana wa Nairobi. Haina kiitikio, haina mdundo, ni sauti tu zinazojaa chumba taratibu. Nilipojua ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu, nilifurahi sana: babu alijaza maneno, mjukuu ameyaondoa yote, na bado unahisi ni nyumba moja. Hii labda hutaipenda. Ijaribu hivyo hivyo.

Tokooos II ya Fally Ipupa wa Kongo imetoka wiki mbili tu zilizopita, sitaki kuisemea bado. Nitakuambia mwezi ujao.

Nataka na wewe unijibu kwa kirefu, na nataka kujua hasa kama huko wapo wazee wa Kizanzibari wanaozihifadhi santuri za Siti za zamani. Nimesikia zipo majumbani. Ukipata mtu akakuruhusu kurekodi hata upande mmoja kwa simu, nitumie, hata ikiwa inakwaruza.

Nakupenda sana. Wasalimie watoto.

Shogayo wa siku zote