Neno moja tu, wiki tatu kulirekebisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie kitu kinachowaumiza vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu. Mimi nafundisha vijana hapa Morogoro kila Jumamosi, laptopu tunazo nne na wanafunzi kumi na moja, na kila tukifika kwenye somo la majukwaa ya kuhifadhia kodi (nasema kodi za programu, yaani maandishi ya maagizo yanayoiunda, sio zile za TRA) darasa linakwama mlangoni kabisa.

Kwa ambaye hajakutana nayo, majukwaa haya, kama GitHub, GitLab au Codeberg, ni ghala la wazi. Unachukua nakala yako ya programu ya mtu, tunaita kufoki, unarekebisha ukiona kasoro, halafu unawaomba wenyewe waunganishe marekebisho yako na yao. Kazi kubwa za dunia zinafanyika hivyo siku hizi.

Sasa kijana wangu mmoja aliona kwenye programu ya simu anayoitumia kitufe cha kuhifadhi kimetafsiriwa "Okoa". Akaniambia mwalimu, okoa ni ya mtu anayezama, faili linahifadhiwa. Yuko sahihi kabisa, nikamwambia basi karekebishe mwenyewe, programu ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuona kodi yake na kuibadilisha. Neno moja tu jamani.

Akaanza kujisajili. Jukwaa lenyewe silitaji, ila likamletea mafumbo ya picha, mzungushe mnyama aangalie kule mkono unakoelekea, akafanya la kwanza, la pili, la tano, mwisho likamwambia umejaribu mara nyingi mno rudi baadaye. Kabla ya siku hiyo alikuwa hajawahi kujaribu hata mara moja! Ninavyoelewa mimi ni hivi, sisi tunaotumia bando za simu watu wengi sana tunatokea kwenye anwani moja ya intaneti, kwa hiyo seva iliyoko mbali inaona kama roboti moja linabisha hodi mara elfu. Kesho yake akapita, ikatakiwa namba ya uthibitisho kwa meseji, na laini ni ya mama yake, na mama yuko sokoni na simu yake, mpaka anarudi jioni ile namba imeshaisha muda. Wakati programu za kutoa namba zinazobadilika kila sekunde 30 zipo na hazihitaji hata mtandao kwenye simu, kwa nini mtu asipewe achague tangu mwanzo?

Na nikumbushe kwamba Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi ambayo ndio injini ya majukwaa haya, Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, na mpaka leo Linux wanapokea marekebisho kwa barua pepe bila mtu kufungua akaunti kwenye jukwaa lolote. Kwa hiyo inawezekana, rekebisho dogo la tafsiri lingeweza kupokelewa hata na mgeni, mwenye programu akalikagua kwanza ndio akaliingiza.

Tuendelee. Akafoki, akaanza kushusha kwenye laptopu, ikashuka na historia yote ya programu tangu ilipoanza, bando likakata katikati. Git inajua kuchukua toleo la mwisho peke yake bila historia, ila mpaka uandike amri maalumu ambayo mwanafunzi wa mwezi wa pili haijui, na ile kurasa haikumdokeza. Alivyopata bando jingine wenye programu wameshasonga mbele, foku yake imebaki nyuma na hakuna aliyemwambia. GitHub waliweka kitufe cha kusawazisha foku 2021, kwenye jukwaa hili letu ikabidi tuandike amri moja moja.

Wakati wa kuunganisha ndio ikawa balaa. Mtu mwingine alikuwa amegusa mstari wa juu yake, na Git ikikuta watu wawili wamebadilisha mistari inayogusana haiamui yenyewe, inajaza alama za mishale kwenye faili inakuachia wewe. Yule kijana akaangalia ile mishale akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimeharibu?" Hakuwa ameharibu chochote. Kilichotakiwa ni kuonyeshwa maandishi mawili ubavu kwa ubavu, lako hili, la mwenzako hili, chagua au beba yote, na maelezo yawe kwa Kiswahili.

Ninawaomba wanaotengeneza mifumo hii, na hasa vyuo vyetu ambavyo vinaweza kuweka seva zao kwa programu huria za kuendeshea majukwaa kama haya, mfano Forgejo au Gitea, waijaribu kwanza kwa simu ya kawaida, bando dogo, laini ya kuazima. Darasa langu lipo Jumamosi saa nne asubuhi, anayetaka kukaa nyuma aone wanavyohangaika anakaribishwa sana.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro