Mkojo unanitoka nikinyanyua sufuria, mume wangu anadhani nimemchoka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watano, umri miaka 47, naishi Tanga. Kazi yangu ni upishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi. Tangu nimzae kitinda mimba, nikikohoa au nikicheka sana, mkojo ulikuwa ukiniponyoka matone mawili matatu. Wakubwa wakaniambia ndio uzazi huo, sote tuko hivyo. Haya. Lakini mwaka huu si matone tena. Tukiipua sufuria la pilau, mwenzangu kashika upande ule na mimi huu, nasikia kabisa umajimaji wa moto unashuka mapajani. Na jikoni kwetu chafya haziishi, maana pilipili manga inatwangwa hapo hapo. Bila buibui jeusi na kanga niliyoikunja ndani, ningeshaumbuka.

Nilikwenda kituo cha afya. Nesi, mtu mzima mwenzangu, alinisikiliza bila kukunja uso. Akapima mkojo, hakuna maambukizi. Akapima sukari, iko sawa. Akaniuliza kama unavuja mchana na usiku bila kukoma, maana hapo angehofia fistula, lile tundu kati ya kibofu na uke, na matibabu yake ni mengine. Nikamwambia hapana, hunitoka nikijikaza tu. Akasema basi misuli inayoshikilia kibofu imelegea, akanifundisha kuikaza: nabana kama ninayezuia upepo mbele za watu, nahesabu polepole hadi tano, naachia, narudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Tumbo na makalio yasikaze, wala nisizuie pumzi. Kabla ya kunyanyua kitu au kupiga chafya, nabana kwanza.

Wifi yangu ananiambia nisinywe maji. Nesi kakataa katakata: mkojo ukiwa mkali unakichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu, kule kujisukuma kunazidi kuilegeza misuli. Alichonipunguzia ni chai, na hapo ndipo nilipoumia.

Nilianza Mfungo Mosi, sasa Mfungo Pili unakwisha. Kwenye chafya naona nafuu, kwenye sufuria bado. Nesi anataka nifikishe miezi mitatu bila kuacha, na isipokaa sawa atanipa rufaa kwa daktari wa wanawake. Anasema kuna kipete laini kinachovaliwa ukeni kushikilia kibofu, na upasuaji pia upo.

Linaloninyima usingizi ni mume wangu. Naogopa kumlowesha, naogopa harufu, kwa hiyo nimehamia chumba cha binti zangu kwa kisingizio cha joto. Juzi kaniuliza, "Mama watoto, umenichoka?" Nikaangua kicheko, na kicheko chenyewe kikanikimbiza chooni. Si mtu mbaya. Kaka yake alipougua tezi dume, habari zilizungumzwa barazani, mpira wa mkojo na yote, na mchango ukapitishwa. Redioni nayo tezi dume haiishi kutangazwa. Ya kwetu tunanong'onezana jikoni.

Sasa Shangazi, nimwambie vipi asinionee kinyaa? Nianze mwenyewe, au niende naye kwa nesi amsikie mtaalamu?

La pili ni sala. Ustadha wetu anasema asiyeweza kabisa kuzuia mkojo hujisafisha, akajisitiri, akatawadha kila wakati wa sala unapoingia. Lakini wangu huja na kuondoka, sijui nimo katika hukumu hiyo au simo. Nikiinama kurukuu moyo uko kwenye kanga badala ya kuwa kwenye sala.

La tatu ni kazi. Mwenzangu tunagawana nusu kwa nusu. Nikimwambia kuanzia leo mimi ni wa viungo na kuonja tu, sufuria atafute kijana wa kunyanyua, atataka sababu, na yeye siri hazikai. Nimeshapokea kianzio cha harusi ya mwezi ujao. Nirudishe, au nimlipe kijana kutoka fungu langu nikae kimya?

Mpishi wa shughuli,
Tanga